Nafaka, mlo na utumbo: maswali ambayo wanafunzi wa uzamili hawachoki kuuliza

Maswali haya yamekusanywa koridoni, kwenye simu na pembeni ya semina, kutoka kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa sayansi ya chakula wanaotaka kuchunguza nafaka na afya ya utumbo. Yana namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko nilikosonga ugali wa utafiti wangu. Aliye Kabete, Juja au Kampala atabadilisha majina ya ofisi. Mtama ni ule ule.

## Mambo ya msingi

1. Nyuzinyuzi, makapimlo na pumba ni kitu kimoja?

Hapana. Pumba ni sehemu ya punje: ganda la nje linalotoka wakati wa kukoboa au kubaki kwenye chekeche. Nyuzinyuzi, ambazo vitabu vyetu vya lishe huziita pia makapimlo, ni kabohaidreti zisizomeng'enywa na vimeng'enya vya utumbo mwembamba wa binadamu. Pumba zina nyuzinyuzi nyingi, lakini zina pia protini, mafuta, madini na faiteti (swali la 6). Na kuna nyuzinyuzi zisizotoka kwenye pumba kabisa, kama wanga sugu, yaani wanga unaogoma kumeng'enywa (swali la 7).

Mwaka 2009 Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, ilikubaliana kwamba nyuzinyuzi ni polima za kabohaidreti zenye vipande 10 au zaidi vya sukari, kisha ikaiachia kila nchi iamue yenyewe kuhusu minyororo mifupi ya vipande 3 hadi 9. Andika mapema kwenye tasnifu unafuata uamuzi upi, kwa sababu ndio utakaochagua njia ya kupimia (swali la 11). Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilipendekeza angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima.

Binafsi neno makapimlo silipendi. Ukimwambia mtu kuna makapi kwenye chakula chake, ameshayatupa kabla hujamaliza sentensi.

2. Nafaka inaingiaje kwenye habari za utumbo?

Tonge la ugali likipita tumboni, wanga wake mwingi huvunjwa na kufyonzwa katika utumbo mwembamba. Kisichovunjwa husogea hadi utumbo mpana, na huko bakteria hukichachusha. Wanatoa gesi, ambayo kila aliyekula maharage anaijua, na asidi za mafuta za mnyororo mfupi: asetati kwa wingi, kisha propionati na butireti. Butireti ndiyo nishati kuu ya seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana, na ndiyo maana jina lake halikosekani kwenye makala za fani hii.

Swali la mtu wa sayansi ya chakula, basi, ni hili: ni kitu gani kinavuka utumbo mwembamba kikiwa kizima, na kwa nini? Jibu lake limo kwenye ukuta wa seli ya punje, kwenye kinu au mashine, kwenye maji, moto na muda. Mtaalamu wa bakteria atakuja na orodha ya majina ya bakteria, na daktari atakuja na vipimo vya damu. Wewe ndiye unayejua sufuria ilifanya nini kabla yao wote.

3. Wazo hili lilianzia wapi? Msimamizi wangu anataka historia.

Sehemu kubwa ilianzia jirani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966, na Hugh Trowell alikaa Kenya na Uganda takriban miaka 30. Waliona kwamba maradhi ya utumbo mpana yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa nadra katika hospitali ya Mulago, Kampala. Burkitt akaanza kupima choo, uzito wake na muda unaopita tangu mtu ale hadi aende haja, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha ulinganisho huo. Choo cha watu wa vijijini Afrika kilikuwa kizito zaidi na kilipita upesi zaidi.

Ukiandika historia hii, usisahau kwamba Buganda ni nchi ya matoke. Wanafunzi wengi wanamtaja Burkitt kama shahidi wa nafaka nzima wakati wengi wa wale aliowaona hawakuishi kwa nafaka.

Majaribio ya siku za karibuni yamekuwa ya kubadilishana mlo. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na Waafrika Kusini 20 wa vijijini waliobadilishana mlo kwa wiki mbili. Nyuzinyuzi za Wamarekani zilipanda kutoka gramu 14 hivi hadi 55 kwa siku, za Waafrika Kusini zikashuka kutoka 66 hadi 12, na butireti ikafuata njia hiyo hiyo, ikapanda kule na kushuka huku. Mwaka 2025 ukachapishwa utafiti wa Kilimanjaro wa wanaume vijana 77, wa mjini na wa kijijini. Waliohama kutoka chakula cha asili kwenda chakula cha kimagharibi kwa wiki mbili walionyesha dalili za inflamesheni (kinga ya mwili kuchachamaa) kupanda, waliohama upande wa pili zikashuka, na kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja. Mbege, pombe ya kienyeji ya huko, ina ndizi na kimea cha ulezi (ulezi uliooteshwa), kwa hiyo nasi wa nafaka tunahusika. Angalia tu kwamba wote walikuwa wanaume na kwamba kiini cha matokeo kilikuwa kwenye damu. Usiutaje kama ushahidi wa bakteria.

4. Lazima niwe mtaalamu wa bakteria?

Hapana. Tafuta mmoja, mketi naye kabla ya kuandika pendekezo, na jina lake liwe kwenye makala. Kinachoumiza ni kumfuata ukiwa tayari na sampuli.

## Nafaka na jikoni

5. Nichague nafaka ipi?

Chagua inayoliwa pale unapofanyia kazi, kisha tafuta tofauti ndani yake. Kulinganisha mtama na ngano kwa sababu tu ngano ina makala nyingi ni njia ya kupata matokeo yasiyomsaidia mtu.

Mtama una mambo mengi ya kuchunguza. Protini yake kuu, kafirini, hushikana zaidi inapopikwa kwenye maji, kwa hiyo protini ya mtama uliopikwa humeng'enywa kwa shida kuliko ya mtama mbichi, kinyume na unavyotarajia. Mtama mwekundu mchungu una tanini, na tanini hushika protini na vimeng'enya. Wakulima wanaupanda kwa sababu kweleakwelea hawaupendi. Mbegu nyeupe kama Macia ni tamu, na ndege nao wanajua. Ukinunua "mtama" sokoni bila kujua mbegu, unaweza kuwa na gunia lenye tanini na lisilo na tanini pamoja. Nenda kituo cha utafiti, kwa mfano cha TARI Hombolo, au kwa mkulima unayemjua, uondoke na jina la mbegu.

Ulezi una kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine zetu, zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100, na fenoli nyingi kwenye ganda. Uwele una mafuta mengi kidogo, na unga wake huharibika haraka. Kwa nyuzinyuzi zenyewe, kumbuka kwamba arabinozailani ndiyo inayotawala kwenye ukuta wa seli za ngano, mahindi na mtama, na ya mahindi ina matawi mengi kiasi kwamba bakteria huila polepole. Beta-glukani inayotajwa sana ni ya shayiri na oti. Usiitafute kwenye mahindi.

6. Dona ni bora kuliko sembe kwa utumbo?

Kwa nyuzinyuzi, ndiyo, bila ubishi. Sembe imekobolewa, ganda na kiini vimeondoka, na pamoja navyo sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, mafuta na madini.

Lakini kuna mambo matatu usiyafiche. La kwanza, dona la kwenye dodoso siyo dona la kwenye sufuria, kwa sababu mama wengi huchekecha unga kabla ya kusonga. Uliza "unachekecha?" na uombe kuiona chekeche yenyewe. La pili, faiteti iko huko huko kwenye ganda na kiini, nayo huzuia chuma na zinki kufyonzwa, labda nafaka iwe imelowekwa, imeoteshwa au imechachushwa. La tatu, sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo dona la mahindi mabovu ni baya kuliko sembe ya mahindi yale yale. Tazama swali la 10 kabla hujamlisha mtu yeyote.

7. Ni kweli kiporo kina wanga sugu?

Ni kweli, ila siyo kwa kiasi unachosikia mitandaoni. Ugali au wali ukipoa, minyororo ya wanga iliyofumuka wakati wa kupika hujipanga tena. Ile iliyonyooka, amilosi, hujipanga kwa nguvu kiasi kwamba kuchemsha hakuivunji tena. Ile yenye matawi, amilopektini, hulegea kwa joto la nyuzi 50 hadi 60 tu. Kwa hiyo kiporo kilichopashwa moto hubaki na sehemu ya wanga sugu na kupoteza nyingine. Katika nafaka za kawaida kinachopatikana ni asilimia chache za wanga wote.

Ukitaka kulifanyia utafiti, pima kile watu wanachofanya: kiporo kilicholala kwenye hotipoti siyo kiporo kilicholala kwenye friji. Na wali uliolala nje usiku kucha una hatari ya Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Kamati ya maadili itakuuliza hilo, jiandae.

8. Togwa ni probiotiki?

Kwa maana ya FAO na WHO ya mwaka 2001, probiotiki ni vijidudu hai ambavyo vikipewa mtu kwa kiasi cha kutosha vinamletea faida ya kiafya. Togwa, uji uliochachushwa kwa kimea, ina bakteria wa asidi ya laktiki, hilo halina shaka. Lakini wa togwa ya leo siyo lazima wawe wa togwa ya kesho, na ukiichemsha baada ya kuchachuka wanakufa. Iite "chakula kilichochachushwa" mpaka uwe na aina iliyotambuliwa na faida iliyopimwa.

Hilo halipunguzi heshima yake. Kazi zilizofanywa Tanzania miaka ya 1990 zilionyesha kwamba watoto waliokula uji uliochachushwa walikuwa na bakteria wachache wa kuharisha kwenye choo. Asidi yenyewe inatosha kuwazuia wadudu wengi.

Kimea nacho ni habari nyingine, na watu huvichanganya. Kimea kina vimeng'enya vinavyokata wanga, kwa hiyo uji mzito hulainika na unaweza kutiwa unga zaidi bila kumshinda mtoto kunywa. Uzuri huo unamaanisha pia kwamba sehemu ya wanga imekuwa sukari tangu ikiwa kwenye chungu. Ukipima kasi ya mmeng'enyo wa togwa bila kupima sukari iliyokuwamo tangu mwanzo, utaandika kwamba inameng'enywa haraka, wakati kazi ilifanywa na ulezi ulioota.

9. Nirekodi nini hasa wakati wa kupika?

Hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe zaidi, na ndilo linaloulizwa kwa uchache. Tasnifu nyingi zinasema tu "ugali ulipikwa kwa njia ya kienyeji". Sentensi hiyo inafunga mlango kwa yeyote anayetaka kurudia kazi yako.

Katika kijiji kimoja mkoani Dodoma niliketi jikoni kwa bibi mmoja nikiwa na saa, mizani na kipimajoto. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwuliza ugali wa mtama huchukua dakika ngapi. Akanitazama kwa huruma. "Mjukuu wangu, ugali hauna dakika. Ukianza kuachia sufuria, umeiva." Nikapima kimya kimya. Maji yalipochemka alikoroga konzi mbili za unga, akauacha uji utokote dakika 7, kisha akaanza kutia unga na kusonga, dakika 9 nyingine. Siku ya pili kuni zilikuwa mbichi na kazi ile ile ikachukua dakika 26. Uwiano wa unga na maji haukuyumba. Mkono wake ulikuwa mizani kuliko mizani yangu, ambayo ilikuwa imeingia moshi. Kilichobadilika ni muda ambao wanga ulikaa kwenye maji ya moto, na hicho ndicho nilichokuja kukitafuta.

Kwa hiyo andika mbegu na mwaka wa mavuno. Andika kama ilikobolewa kwa kinu na mchi au kwa mashine, ililowekwa saa ngapi, na tundu za chekeche ya mashine zina ukubwa gani, maana unga wa chengachenga humeng'enywa polepole kuliko unga laini. Pima unga na maji kwa uzito, siyo kwa kikombe. Andika muda tangu maji yachemke na joto la katikati ya ugali, na usidhani ni nyuzi 100: Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 95. Andika ulikaa muda gani kabla ya kuliwa. Na andika mboga. Hakuna anayekula ugali mkavu, na kikombe cha maharage kinaweza kuleta nyuzinyuzi nyingi kuliko ugali wote wa sembe uliokuwa sahanini.

10. Lazima nipime sumukuvu?

Ndiyo. Kama binadamu atakula, hakuna mjadala. Kama ni kazi ya maabara tu, bado pima, kwa sababu sampuli yenye ukungu inaweza kuharibu matokeo yako ya bakteria bila wewe kujua. Viwango vya Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo za aflatoksini zote, ambazo ni kundi la sumukuvu, na 5 za aina ya B1. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara walipatikana wagonjwa 68 waliodhuriwa na aflatoksini, na 20 kati yao walifariki. Kenya mwaka 2004 walikuwa wagonjwa 317 na vifo 125. Chakula chenyewe kilikuwa mahindi ya nyumbani, ya kawaida kabisa kwa macho.

## Maabara

11. Nitumie njia ipi ya kupima nyuzinyuzi?

Kati ya njia rasmi za AOAC, jumuiya ya wakemia wa vipimo, 985.29 ni ya bei nafuu na maabara nyingi zinaiweza, lakini hukosa sehemu kubwa ya wanga sugu na minyororo mifupi. Vilevile hupitisha sampuli kwenye joto la karibu kuchemka, kwa hiyo kama unachunguza ugali uliopoa unakuwa umeupika upya. AOAC 2009.01 na 2017.16 hufanya mmeng'enyo kwa nyuzi 37 na hukamata vyote viwili. Ukishindwa gharama, tumia 985.29 na upime wanga sugu kivyake kwa 2002.02, lakini usijumlishe namba hizo mbili. Sehemu ya wanga sugu imeshahesabiwa, utaihesabu mara mbili.

12. INFOGEST inatosha kuiga tumbo?

INFOGEST, njia ya kuiga mmeng'enyo kwenye maabara, inatosha kulinganisha chakula na chakula. Hatua zake ni mdomo kwa dakika 2 katika pH 7, tumbo kwa saa 2 katika pH 3, na utumbo mwembamba kwa saa 2 katika pH 7, zote kwa nyuzi 37. Toleo la 2019 limetengeneza mengi ya lile la 2014, kwa hiyo fuata jipya.

Pengo lake kubwa kwetu watu wa wanga ni kwamba haina vimeng'enya vya ukuta wa utumbo. Wanga huishia maltosi na vipande vidogo, haufiki glukosi. Ukipeleka mchanganyiko huo moja kwa moja kwenye uchachushaji (swali la 13), bakteria watakula sukari ambayo kwa mtu halisi ingekuwa imeshafyonzwa. Ondoa sukari kwanza kwa dayalisisi, yaani kuichuja kupitia utando wenye vitundu vidogo sana.

Na pima nguvu ya vimeng'enya vyako mwenyewe. Namba iliyoandikwa kwenye chupa ilikuwa kweli siku ilipofungwa. Baada ya wiki mbili bandarini na forodhani ni jambo jingine.

13. Uchachushaji kwa kinyesi unafanywaje bila mashine ya mamilioni?

Kwa chupa. Unahitaji kinyesi kibichi, bafa, gesi ya naitrojeni au kaboni dayoksaidi ya kufukuza oksijeni, rezazurini ya kukuonyesha kama oksijeni imebaki (ikiwa ya waridi, bado ipo), na kiatamizi cha nyuzi 37 kinachotikisa. Chukua sampuli mwanzoni, kisha baada ya saa 6, 12 na 24. Pima pH, gesi, na asidi kwa kromatografia ya gesi.

Weka kila mara chupa isiyo na nafaka na chupa yenye inulini, nyuzinyuzi ambazo bakteria huzichachusha kirahisi. Bila ya kwanza hujui kinyesi chenyewe kilitoa nini. Bila ya pili hujui kama bakteria walikuwa hai. Nimeona michoro mizuri ya butireti iliyokosa chupa ya kwanza, na yote ikarudi maabara.

Kuchanganya kinyesi cha watu kadhaa kunaokoa gharama, lakini kunakunyima habari iliyo tamu zaidi. Nafaka moja inaweza kumpa Asha butireti na kumpa Juma propionati, na ukiwachanganya unapata mtu wa tatu asiyekuwepo duniani.

14. Nisome 16S au DNA yote?

Kama bajeti ni ya mwanafunzi, 16S, yaani jeni moja tu ya bakteria inayotumika kuwatambua. Inakuambia nani wapo kwa makundi. Haikuambii wanafanya nini, kwa hiyo usiandike "bakteria wa butireti waliongezeka kazi" kwa ushahidi wa majina peke yake, pima butireti. Chagua praima (vipande vya DNA vinavyoanzisha unakiliaji wa jeni hiyo) kwa makini kwa sababu baadhi huwakosa Bifidobacterium, na unapotoa DNA tumia shanga za kusaga seli, la sivyo bakteria wenye ukuta mgumu hawatafunguka. Peleka na sampuli tupu kutoka hatua ya kwanza hadi ya mwisho.

## Watu, vibali na choo

15. Vibali vinachukua muda gani?

Mwingi kuliko uliouweka kwenye ratiba. Tanzania utahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) au kamati ya taasisi yako, na mara nyingi kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Kenya ni kamati iliyoidhinishwa na leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi; Uganda ni kamati ya maadili kisha UNCST, baraza lao la sayansi. Kama sampuli zitavuka mpaka, andaa mkataba wa kuhamisha sampuli tangu mwanzo. Baada ya karatasi za juu kuna barua ya mkoa, wilaya, kata na mwenyekiti wa kijiji. Huyo wa mwisho ndiye anayeweza kukusimamisha kweli.

16. Namwombaje mtu kinyesi bila aibu?

Kwa lugha ya nyumbani kwake. Kwenye fomu andika "choo" au "haja kubwa". "Kinyesi" kwa wengi ni neno kali. Wanawake waongee na wanawake, na usimwombe mkwe mbele ya mkwe.

Eleza sampuli itakwenda wapi na lini itateketezwa. Hofu ya mumiani haijafa, ila imehama kutoka damu kwenda chochote kinachowekwa kwenye kichupa na mgeni. Mzee mmoja aliniuliza mbele ya mkutano wa kijiji kama mzungu ananunua. Nilimwonyesha chombo, kijiko chake, fomu na picha ya friza, nikamwambia siku ya kuteketeza. Akacheka, akachukua chombo cha kwanza.

Toa chombo ndani ya bahasha ya kaki. Rambo nyeusi, ule mfuko wa plastiki, iliyokuwa ikificha kila kitu imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019.

17. Sina friza ya nyuzi hasi 80. Nifanyeje?

Kwa DNA, ethanoli ya asilimia 95 huhifadhi vizuri kwa joto la kawaida; ya asilimia 70 haifai, ingawa ndiyo iliyojaa madukani. Kwa asidi za mnyororo mfupi hakuna mkato: igandishe mara moja au uitie asidi. Kwa uchachushaji tumia kibichi siku hiyo hiyo.

Ukiwa na friza, uliza habari za jenereta siku ya Ijumaa. Mimi nilipoteza sampuli 41 wikiendi moja ambayo umeme ulikatika na mwenye ufunguo wa jenereta alikuwa harusini. Sasa naweka kikombe cha barafu chenye sarafu juu yake ndani ya friza. Sarafu ikikutwa chini, barafu iliyeyuka na kuganda tena, hata kama kipimajoto kinaonyesha hasi 80.

18. Washiriki wangapi wanatosha?

Mwulize mtakwimu, siyo mimi. Ila jua kwamba tofauti kati ya mtu na mtu kwenye bakteria wa utumbo kwa kawaida ni kubwa kuliko tofauti kati ya mtama mweupe na mwekundu. Kwa hiyo kila mtu ale vyakula vyote kwa zamu, ajilinganishe na nafsi yake, na kuwe na mapumziko katikati.

## Mambo ya pembeni

19. Washiriki wametumia dawa za kuua bakteria au za minyoo. Niwatoe?

Kwa za kuua bakteria, kanuni ya kawaida ni miezi mitatu bila dawa. Vijijini utabaki na watu wachache, kwa sababu amoksilini inanunuliwa dukani kama peremende. Andika jina la dawa na tarehe, mwombe mtu alete pakiti, na amua kigezo kabla ya kuona matokeo. Minyoo yenyewe hubadilisha utumbo, kwa hiyo pima mwanzoni; ukimkuta nayo, mpe rufaa ya matibabu hata kama inakuharibia mpango.

20. Naweza kukusanya data Ramadhani?

Tanga, Zanzibar au Mombasa, usijaribu, labda Ramadhani yenyewe iwe ndiyo swali lako. Mlo unahamia usiku na futari inaleta uji, mihogo na tende. Baada ya Idi subiri wiki kadhaa, watu warudi kwenye mlo wao.

21. Nataka kufanya kazi na Wahadzabe.

Kwa nini? Tafiti za 2014 na 2017 zilizowafanya maarufu zilihusu watu wa eneo la Ziwa Eyasi wanaokula mizizi, ubuyu, matunda, asali na nyama. Ya 2014 iliwakosa Bifidobacterium kwa watu wazima, ya 2017 ikaonyesha bakteria wao wakibadilika kwa msimu. Nafaka siyo kiini cha hadithi yao. Wameshachukuliwa sampuli nyingi kuliko vijiji vyote vya wakulima wa mtama vinavyowazunguka, na hivyo ndivyo vinakusubiri.

22. Na udumavu wa watoto?

Haydom, mkoani Manyara, ilikuwa moja ya vituo vinane vya utafiti wa MAL-ED uliofuatilia maambukizi ya utumbo na ukuaji wa watoto. Unaonyesha jinsi utumbo wa mtoto unavyoweza kuumia bila hata kuharisha. Kama mwanafunzi, usianze na watoto wachanga. Anza na uji wao: unene, nishati kwa kijiko, usafi wa maji (maswali ya 8 na 9).

23. Mtaani wananiuliza kama waache ngano. Nijibu nini?

Gluteni iko kwenye ngano, shayiri na rai. Mtama, ulezi, uwele, mahindi na mchele havina. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni huuumiza utumbo wake, lazima aiache, lakini apimwe kabla ya kuacha, kwa sababu akishaacha vipimo hupoteza maana. Anayejaa gesi baada ya chapati huenda anasumbuliwa na fruktani za ngano (kabohaidreti zinazochachuka upesi utumboni), au na maharage yaliyokuwa pembeni. Zaidi ya hapo mpeleke kwa daktari. Shahada yako haikupi koti lake.

24. Unga uliobaki naweza kuula?

Ulioingia maabara, hapana, hata kama haujafunguliwa. Uliobaki stoo ukiwa umefungwa, mkavu na umepimwa sumukuvu, ndiyo. Magunia yangu mawili ya Macia yalirudi kwa yule bibi wa swali la 9. Aliuonja kwa ncha ya ulimi, akasema umesagwa laini mno, akauliza kama mashine ya mjini haina chekeche nyingine.